Ndege Zinapoegeshwa: Ushauri kwa Rubani Mpya Kuhusu Kupunguzwa Kazi

Ninawaandikia ninyi mliomaliza chuo cha urubani juzijuzi, wenye leseni ya biashara na saa mia mbili na ushei za kuruka kwenye logibuku, na hasa mlioajiriwa mwaka huu au mwaka jana. Najua kwamba mtu aliyepata kiti baada ya kusota miaka miwili akipeleka barua za maombi hapendi kuambiwa habari za kupunguzwa kazi. Hata hivyo, mambo yanayoamua nani ataondoka na nani atabaki siku abiria watakapopotea hupangwa wakati huu huu wa neema: tarehe uliyoingia kazini, aina ya ndege uliyofunzwa, maneno ya mkataba uliotia saini bila kuusoma, na uhai wa vyeti vyako. Umahiri wa kurusha ndege una nafasi ndogo kuliko mnavyodhani. Mwaka 2020, janga la korona lilipoegesha ndege, niliona marubani hodari, watu ambao ningewakabidhi wanangu wawarushe usiku wa mvua, wakirudisha vitambulisho vyao, na hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wamekosea popote.

Ukubwa wa tukio lile unafaa kukumbukwa, kwa sababu walioingia kazini baadaye wanalichukulia kama hadithi. Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria mwishoni mwa Machi 2020 na haikuzifungua hadi tarehe 1 Agosti. Duniani kote, usafiri wa abiria kwa mwaka ule ulishuka kwa karibu asilimia 66 ukilinganishwa na 2019. British Airways ilitangaza mwezi Aprili kwamba hadi kazi 12,000 zingeweza kufutwa. Cathay Pacific ya Hong Kong ilifuta nafasi 8,500 mwezi Oktoba na kulifunga kabisa shirika lake dogo la Cathay Dragon. Rais wa Emirates, Tim Clark, alisema mwezi Julai kwamba huenda watu 9,000 wangepoteza kazi. Wala si mara ya kwanza. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, Swissair na Sabena, mashirika yaliyokuwa fahari ya nchi zao, yalianguka kabla mwaka haujaisha. Rubani anayeanza kazi akiwa na miaka 23 na kustaafu akiwa na 60 au zaidi atakutana na hali ya namna hii zaidi ya mara moja, na ni afadhali aijue mapema.

Jambo la kwanza la kuuliza, tena wiki ya kwanza kazini, ni utaratibu utakaotumika kuchagua wa kuondoka. Marekani jibu ni rahisi: kila rubani ana namba yake kwenye orodha ya uandamizi, aliyeingia mwisho hutoka kwanza, na akiitwa tena hurudi kwenye namba yake. Huku kwetu Afrika Mashariki mambo si wazi namna hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri azingatie urefu wa utumishi, lakini pia ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mfanyakazi. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayogeuka kuwa jedwali. Nimewahi kukaa upande wa wafanyakazi kwenye kikao ambapo jedwali hilo liliwekwa mezani: majina upande wa kushoto, kisha safu ya miaka ya utumishi, safu ya matokeo ya simyuleta (mashine inayoiga ndege, tunayopimiwa), safu ya barua za onyo, na safu ya siku za ugonjwa. Kijana mmoja alikuwa amepoteza alama kwa sababu ya malaria mbili zilizofuatana, na hapakuwa na cheti cha daktari hata kimoja kwenye faili lake, ijapokuwa vyeti alikuwa navyo nyumbani. Tulipoleta nakala, alama zake zilirudishwa. Hifadhini nakala ya kila karatasi mnayopeleka ofisini, na mwombe kuona faili lenu angalau mara moja kwa mwaka. Anayefanya hivyo wakati wa amani huonekana mwangalifu tu, ilhali anayeanza kufanya hivyo wakati wa msukosuko huonekana mgomvi.

Aina ya ndege ni suala ambalo vijana hulitazama kwa macho ya sifa. Kila mtu anataka ndege kubwa. Mwaka 2020 ndege kubwa kuliko zote za abiria, A380, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuegeshwa na za mwisho kurudi angani, na waliokuwa na kibali cha ndege hizo tu walijikuta na ujuzi usio na mnunuzi. Wakati huohuo mizigo haikupungua kama abiria, na kwa kuwa sehemu kubwa ya shehena ya angani husafiri kwenye matumbo ya ndege za abiria, ndege hizo zilipokosekana bei ya usafirishaji ilipanda. Ethiopian Airlines iliona nafasi hiyo mapema, ikang'oa viti kwenye ndege zake zipatazo 25 na kubeba dawa na vifaa vya hospitali. Kwa upande wa ndege ndogo, wenzetu wanaorusha Caravan kuwapeleka watalii Serengeti na Maasai Mara waliumia vibaya kwa sababu mtalii ndiye aliyetoweka. Lakini wenye saa nyingi kwenye Caravan hiyohiyo walikuwa na mahali pa kubisha hodi, kwa kuwa safari za misaada na za wagonjwa kuelekea Somalia, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hazikukoma. Kwa hiyo msione haya kukaa miaka mitatu au minne kwenye ndege ndogo inayotumika kila mahali. Kwa maoni yangu hiyo ni akiba bora kuliko kibali cha ndege kubwa kilichonunuliwa kwa mkopo kabla ya kuwa na ajira.

Kuhusu fedha za kuondokea, fanyeni hesabu mapema ili msijidanganye. Kenya, kiinua mgongo cha kisheria kwa aliyepunguzwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, tena isizidi miaka 10. Rubani msaidizi mwenye miaka mitatu kazini atapata basi siku 45 Nairobi na siku 21 Dar es Salaam, pamoja na notisi na likizo ambazo hakuzitumia, isipokuwa mkataba wake au mkataba wa hali bora za kazi, ule ambao chama cha wafanyakazi huingia na mwajiri, uwe umeahidi zaidi. Tena zingatieni neno "msingi". Posho za kuruka na za kulala nje, ambazo kwa rubani kijana zinaweza kuwa sehemu kubwa ya anachopokea, hazihesabiwi humo.

Mwajiri anaweza kuja na pendekezo la upole zaidi: jiuzulu mwenyewe, ili rekodi yako ibaki safi. Msilikubali kabla ya kupata ushauri. Kupunguzwa kazi si doa, na kila shirika duniani linajua maana ya mwaka 2020 kwenye wasifu wa rubani. Mtanzania anayeandika barua ya kujiuzulu anajifungia pia mlango wa fao la upotevu wa ajira la NSSF, kwa kuwa fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Na kama mnaamini utaratibu haukufuatwa, kwa Tanzania malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwenda mahakamani ni haki, lakini mjue pia mwendo wake. Wafanyakazi wa Kenya Airways waliopunguzwa mwaka 2012 walishinda katika mahakama ya kazi, ikaamriwa warejeshwe kazini, kisha mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri hiyo ya kuwarejesha. Miaka miwili kwa karani ni miaka miwili ya mshahara, lakini kwa rubani ni pia miaka miwili ya vyeti kufa kimoja baada ya kingine.

Kabla ya kupunguza watu, mashirika mengi hupendekeza kupunguza mishahara au kutoa likizo bila malipo. Binafsi ninaiunga mkono njia hii kuliko kufukuzana, mradi iandikwe vizuri. Marubani wa British Airways, kupitia chama chao cha BALPA, walikubali kukatwa asilimia 20 ya mshahara ambayo ingeshuka hadi asilimia 8 ndani ya miaka miwili, na walioachishwa kwa lazima wakawa 270 badala ya idadi kubwa zaidi iliyokuwa imetajwa. Huo ulikuwa mpango wenye tarehe na namba. Pale ambapo makato hayana tarehe ya mwisho, ugomvi huja baadaye: mgomo wa marubani wa Kenya Airways mwezi Novemba 2022, ulioongozwa na chama chao cha KALPA, ulitokana kwa sehemu kubwa na michango ya mfuko wa akiba iliyosimamishwa wakati wa janga na kutorejeshwa. Mkiletewa karatasi ya likizo bila malipo, ulizeni nani atalipia bima ya afya, nani atalipia simyuleta muda wake ukifika, na kama muda huo utahesabiwa kwenye utumishi wenu.

Kuna kifungu kimoja zaidi cha mkataba kinachowapita wengi, nacho ni cha gharama za mafunzo. Shirika hukusomesha ndege mpya kwa masharti kwamba ukiondoka kabla ya miaka mitatu au mitano utarudisha fedha. Someni kama kimeandikwa "akiacha kazi" au "ajira ikikoma kwa sababu yoyote". Maneno ya pili yanaweza kukuachia deni baada ya shirika lenyewe kukuondoa. Kabla ya kutia saini, ombeni yabadilishwe, na mara nyingi hukubali, kwa kuwa kifungu chenyewe kilinakiliwa tu kutoka mkataba wa zamani.

Walioenda Ghuba wana hatari nyingine. Huko kibali cha kuishi kimefungwa kwenye ajira, vyama vya wafanyakazi katika nchi kama Falme za Kiarabu havipo, na benki zina kawaida ya kuzuia akaunti ya mwenye mkopo pindi malipo ya mwisho yanapoingia. Anayeishi Dubai na mkopo wa gari na ada za watoto watatu awe na akiba nje ya benki hiyo.

Narudi kwenye vyeti, kwa sababu hapa ndipo niliona tofauti kubwa kati ya waliorudi angani na wasiorudi. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa rubani kijana hudumu miezi 12. Kibali cha aina ya ndege na cha kuruka kwa vyombo (kwa kutegemea vipimo vya ndani pale usipoona nje) vinahitaji mtihani kila mwaka, mara nyingi kwenye simyuleta iliyoko Addis Ababa au Johannesburg, kwa dola na si kwa shilingi. Bila kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 huruhusiwi kubeba abiria. Ukiwa huna fedha za yote, anza na cheti cha afya, kisha kibali cha kuruka kwa vyombo, hata kama utakihuisha kwenye ndege ndogo ya chuo. Kibali cha ndege kubwa mwajiri mpya anaweza kukulipia, lakini hatamwita kwenye usaili mtu aliyeacha kila kitu kikafa. Mashirika yalipoanza kuajiri tena mwaka 2021 na 2022, simu zilipigwa kwanza kwa wale ambao wangeweza kuingia simyuleta wiki iliyofuata. Wengine walifundisha darasani katika vyuo vya urubani, wengine waliuza kuku, na hakuna aliyewauliza habari za kuku.

Siku ya kukabidhi vifaa, usitoke na barua ya kuachishwa pekee. Omba barua ya rubani mkuu inayothibitisha jumla ya saa zako kwa kila aina ya ndege, ikitenganisha saa za rubani msaidizi na za kapteni, pamoja na nakala za matokeo ya simyuleta na kumbukumbu zako zote za mafunzo. Mfumo wa ratiba ulio kwenye simu yako utafungwa jioni hiyohiyo, hivyo chapisha saa zako kabla, zilinganishe na logibuku ukurasa kwa ukurasa, na mfanye rubani mkuu agonge muhuri akiwa bado ana ofisi, maana yeye mwenyewe anaweza kuwa kwenye orodha ya mwezi unaofuata.