Jirani amefiwa na mume, matanga yameisha: nimsaidieje?

Dada, umeuliza umsaidieje jirani yako mjane sasa kwa kuwa matanga yameanuliwa na watu wametawanyika. Umeona mbali, maana uzito wenyewe huanza hapo, turubai likishaondoka.

Usimwambie "ukiwa na shida niite." Aliyefiwa hana nguvu ya kupanga shida zake, na kuomba kunamtia aibu. Taja kitu kamili: "Kesho nitawapeleka watoto shule," au "Jumamosi naleta unga kilo 5 na maharage kilo 2." Halafu timiza. Ukiahidi usitokee, umemwongezea upweke.

Kama ni Mwislamu, yumo edani miezi 4 na siku 10 (mjamzito hadi ajifungue), kwa hiyo hatoki ila kwa dharura. Sokoni, maji, umeme wa luku: hapo ndipo pa kumbeba.

Ukikaa naye, mtaje marehemu kwa jina. Watu huogopa kumliza, kumbe kinachomuuma zaidi ni kuona mumewe amefutika midomoni mwa watu. Akilia, mwache alie, kaa kimya karibu naye. "Jikaze" humfunga mdomo tu.

Jambo linalosahaulika sana ni karatasi. Cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo, kisha mahakamani kuteua msimamizi wa mirathi. Bila hivyo fedha za benki na mafao hukwama, na wengine huanza kugawana mali. Msindikize, mbebee bahasha, na kila karatasi itolee kopi.