Maswali ya Wasomaji: Kiungo Wetu Amesaini kwa Watani

SWALI: Mhariri, kiungo wetu amebakiza mwaka mmoja na nusu kwenye mkataba, lakini watani wetu wa jadi wametangaza kwamba wamemsajili. Mashabiki wenzangu wanachoma jezi zake. Je, usajili huo ni halali?

JIBU: Kwa maelezo yako si halali, isipokuwa klabu yenu iliridhia au mkataba una kipengele kinachomruhusu kuondoka kwa kulipa kiasi kilichotajwa. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kusaini kwingine pale tu mkataba wake unapokuwa umekwisha au unakwisha ndani ya miezi 6, na klabu inayomtaka hutakiwa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya mazungumzo. Akiuvunja bila sababu ya msingi hudaiwa fidia, na klabu iliyomshawishi inaweza kubebeshwa sehemu ya mzigo huo.

Ila ulizeni kwanza kama alikuwa akilipwa, jambo ambalo viongozi wengi hawapendi kuulizwa: mishahara ya miezi 2 isiyolipwa, baada ya notisi ya siku 15, humpa haki ya kuondoka.

Kuhusu jezi, hasira si ushahidi. Luis Figo alihama Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000 baada ya kipengele chake kulipwa kihalali, lakini mwaka 2002 alirushiwa kichwa cha nguruwe akipiga kona Camp Nou, uwanja wa Barcelona.

Kwa kuwa klabu zote mbili ni za nchi moja, malalamiko yapelekwe kwenye shirikisho lenu.