Picha za ukutani za Faras zilitolewaje?

SWALI: Nasikia kanisa kuu la Faras, kaskazini mwa Sudan, limezama ziwani, lakini picha zake ziko Warsaw na Khartoum. Picha iliyochorwa ukutani inabanduliwaje bila kupukutika? Na kanisa lenyewe lilijengwa lini? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Maandishi ya kumbukumbu ya kujengwa kwa kanisa, kwa Kigiriki na Kikopti (lugha ya Wakristo wa kale wa Misri), yanataja mwaka 707 na Askofu Paulos. Ndani, safu za nguzo ziligawa ukumbi katika sehemu tano, na mashariki kulikuwa na nusu duara ya madhabahu. Makanisa ya Nubia, eneo la kale la Mto Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, kwa kawaida huwa na milango kaskazini na kusini, si magharibi. Kwa hiyo usiitafute milango mahali ulipozoea kuiona.

Baadaye mchanga ulilijaza jengo, na mchanga huo ndio uliozihifadhi picha. Wanaakiolojia wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walichimba mwaka 1961 hadi 1964, wakishindana na maji ya Bwawa la Aswan la Misri, yaliyofanya ziwa hilo. Walikuta picha zaidi ya 150, wakatoa takriban 120.

Ugumu ulikuwa kwenye rangi. Ilipakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, kwa hiyo haikuzama ndani ya chokaa. Ikiguswa na maji, hutoka. Gundi ya maji haikufaa kabisa. Badala yake walitandaza karatasi laini ya Kijapani juu ya picha, wakaipaka nta iliyoyeyushwa pamoja na utomvu wa msonobari, kisha wakaipiga pasi ya moto ili nta ipenye na kushika rangi. Nta ilipoganda, lipu ilikatwa kutoka ukutani kwa misumeno na visu virefu, picha ikalazwa kifudifudi juu ya ubao. Lipu ya nyuma ilipunguzwa, maana ikiachwa nene huwa nzito na hupasuka safarini.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita: mahali pengine ukuta ulikuwa na picha juu ya picha, kila kizazi kikipaka lipu mpya na kuchora upya. Ya juu ilipotolewa, ya chini ilijitokeza, nayo ikahitaji karatasi na nta yake. Mpangilio huo wa tabaka, pamoja na orodha ya majina ya maaskofu iliyoandikwa ukutani, ndio unaowawezesha wataalamu kujua picha ipi ilitangulia ipi. Mtakatifu Anna mwenye kidole mdomoni, aliyeko Warsaw, ni wa tabaka la kale. Askofu Petros, aliyeongoza mwaka 974 hadi 997, alichorwa baadaye.