Mitego ya shimo: mbawakawa wachache, lebo zinafutika

Mwalimu, umeuliza kwa nini mitego ya shimo ya wanafunzi wako kule Amani, Usambara (vikombe vilivyofukiwa ardhini ili wadudu watumbukie), inanasa mbawakawa wachache, na lebo zinafutika.

Kagua kwanza mdomo wa kikombe. Ukichomoza hata kidogo juu ya udongo, mdudu anauzunguka na kwenda zake. Ufukie uwe sawa na ardhi. Tia maji hadi theluthi na matone mawili ya sabuni isiyo na harufu, la sivyo wadogo wataelea na kutoka. Juu weka kijipaa cha sahani, maana mvua ya huko haina adabu. Kusanyeni kila siku. Kwenye maji matupu wadudu huoza upesi.

Hifadhini wadudu kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 70–80, ila vipepeo abadani: hao huwekwa kwenye bahasha za karatasi. Lebo iandikwe kwa penseli, iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka humo.