Jibu: Kumtafuta bibi wa Ireland aliyepelekwa Tasmania kwa wizi

Dada, nimekuelewa: mumeo anasema bibi aliyemzaa mzazi wa babu yake alitolewa Ireland kwa kuiba shali akapelekwa kwa meli kutumikia kifungo Tasmania, kisiwa cha Australia ambako Waingereza walikuwa wakipeleka wafungwa, na kwao hakuna karatasi hata moja.

Anzieni kutafuta Tasmania, si Dublin, mji mkuu wa Ireland. Madaftari ya Dublin ya wafungwa waliosafirishwa kabla ya 1836 yaliteketea kwenye moto wa 1922. Ya Hobart, mji mkuu wa Tasmania, yapo, na kuyasoma mtandaoni ni bure. Wale makarani waliandika kila kitu: kimo, rangi ya macho, makovu, alikozaliwa, hata siku mfungwa alipomjibu vibaya mwajiri aliyepangiwa akaadhibiwa. Adhabu ya miaka 7 kwa shali isiwashangaze, ilikuwa kawaida. Na wakati wa ile njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1840 wapo walioiba makusudi ili wasafirishwe.

Tahadhari moja: majina yanafanana, akina Mary Kelly wamejaa tele. Jina la meli na mwaka wa kufika lazima vilingane. Kisha tafuteni kibali cha ndoa, maana mfungwa hakuoa wala kuolewa bila ruhusa ya serikali.

Mwandiko ukiwashinda, mlipeni mtafiti wa nasaba, ila mkubaliane bei mapema. Wengi hutoza kwa saa.