Fundi wa Gungu Anajibu: Ufunguo Uliopitiliza na Dumu la Asali

Mvua zimekatika na barua zimekuja nyingi. Kila ikifika Mei ndivyo inavyokuwa: wenye pikipiki kubwa wanaanza kupanga safari, wengine Kigoma hadi Tabora kwa kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo, wengine kupanda juu Kasulu, Kibondo mpaka Kakonko. Mimi karakana yangu iko Gungu, hapa Kigoma, chini ya mwembe, na chombo changu mwenyewe ni Suzuki V-Strom 650 niliyoipata ikiwa imeshatumika.

Nianze na neno moja. Hizi pikipiki za safari zinatufikia zikiwa zimepita mikono miwili, mitatu, na kitabu chake kimebaki kwa mwenyewe wa kwanza. Kwa hiyo mtu anaendesha chombo miaka minne bila kujua kina nini. Barua za mwezi huu karibu zote ni za namna hiyo. Vifaa vipo na vinafanya kazi, ila hakuna aliyemwonyesha mwenye pikipiki.

Shikamoo fundi. Nina V-Strom kama yako. Betri inakufa ikilala, lakini si kila siku. Inakaa hata wiki mbili haina shida, halafu asubuhi moja hata honi hailii. Nimenunua betri mbili ndani ya mwaka. Fundi wa hapa anasema nibadilishe rektifaya. Nifanyeje? — Msomaji, Kasulu

Marahaba mwanangu. Usinunue kitu kwanza. Umeandika "si kila siku", na hapo ndipo nilipopata jibu. Rektifaya, yaani kifaa kinachoratibu umeme wa kuchaji betri, ikiharibika mara nyingi haichagui siku.

Nenda kwenye pikipiki sasa hivi. Kata usukani kushoto, bonyeza ufunguo, uzungushe mpaka usukani ufunge. Hapo ndipo LOCK. Sasa usiuchomoe, uendeleze kidogo tu. Utaona unapita na kufika kwenye herufi P, na hapo pia ufunguo unachomoka vizuri kabisa na usukani unabaki umefungwa. Zunguka nyuma utazame taa. Inawaka.

Hiyo P ni ya kuegesha kando ya barabara usiku ili magari yakuone. Ni kitu kizuri ukiwa umesimama porini unaziba pancha. Lakini mtu mwenye haraka akifunga usukani kwa nguvu, ufunguo unapitiliza, naye anaondoka. Mchana pale Kasulu jua ni kali, taa ndogo ya nyuma hutaiona hata ukiwa hatua mbili.

Piga hesabu. Taa ndogo ya mbele wati 5, ya nyuma wati 5, jumla wati 10. Kwenye betri ya volti 12 hiyo ni kama ampea 0.8. Betri yako ni ya ampea-saa 10, kwa hiyo baada ya kama masaa 12 imekauka, na stata inakuwa imeshakataa zamani kabla ya hapo. Ukiegesha saa moja jioni, alfajiri huna kitu. Na betri ikikaushwa hivyo mara tatu, nne, hairudi tena kama ilivyokuwa. Nadhani hizo mbili ulizotupa zilikufa kwa njia hiyo.

Kuanzia leo, ukishafunga, weka kiganja juu ya taa ya nyuma kama mtu anayekinga jua. Ukiona wekundu kwenye ngozi, rudisha ufunguo. Na ukitaka moyo utulie kuhusu rektifaya, pima betri injini ikiwa inaunguruma kwa mwendo wa kati: ukipata kati ya volti 14 na 15, rektifaya yako ni nzima.

Jambo jingine, maana najua mlihangaika kuisukuma. Pikipiki ya kabureta ikiisha betri unaweza kuisukuma mteremkoni ikawaka. Hii yako mafuta yake yanasukumwa na pampu ya umeme. Betri ikiwa imekauka kabisa, hata mkiisukuma mpaka mtoni pampu haifanyi kazi. Tafuta nyaya na betri nyingine ya volti 12.

Mwangaluka mzee. Nilianguka kwenye tope nikielekea kijijini, si vibaya, pikipiki ililala tu ubavu. Nilipoinyanyua stata inazunguka lakini haiwaki. Nikalipa kenta inibebe mpaka mjini. Fundi akawasha ufunguo, ikawaka palepale bila kufungua hata nati moja. Ilikuwa nini? — Msomaji, Urambo

Mwangaluka ndugu yangu. Pole sana, na pole kwa pesa ya kenta.

Ndani ya pikipiki nyingi za sindano, zile zisizo na kabureta, kuna kifaa kidogo kinachopima mlalo. Chombo kikilala kupita digrii 60 hivi, kifaa hicho kinakata plagi na mafuta, ili petroli isiendelee kusukumwa wakati mtu yuko chini yake. Ukishaisimamisha, pikipiki haijisahihishi yenyewe. Inabaki imekataa mpaka uzime ufunguo, uhesabu mpaka tano, uuwashe tena. Wewe porini ulikuwa unabonyeza stata ufunguo ukiwa umewashwa vilevile tangu ulipoanguka. Pale mjini ufunguo ulizimwa na kuwashwa. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Mimi nililijua hili kwa njia ngumu. Mwaka wa kwanza na V-Strom, tulikuwa na mama watoto tunarudi kutoka Tabora, tukateleza upande wa Uvinza jua likiwa linazama. Hakuna aliyeumia. Nilifungua siti, nikagusa kila waya kwa tochi ya simu, ndorobo wanatuuma kwenye shingo. Lisaa zima. Mwishowe nikakata tamaa, nikazima kila kitu tulale kwa watu. Mama watoto akasema, "Jaribu mara moja tu kabla hatujaiacha." Ikawaka. Niliporudi nyumbani nilitafuta kitabu cha pikipiki ile mpaka nikakipata, nikakisoma chote kwa usiku mbili. Nataka wewe uyajue haya ukiwa umekaa nyumbani kwako, si pale.

Ujifunze pia kusikiliza stata. Ikizunguka bila kuwaka baada ya kuanguka, fikiria hicho kifaa cha mlalo. Ikikaa kimya kabisa, ni vitu vingine vitatu. Swichi nyekundu ya mkono wa kulia, ambayo ukianguka inagongwa ikajizima. Klachi, maana nyingi hazikubali stata mpaka ubane klachi. Na stendi ya pembeni: ina swichi yake pale juu inapozungukia, na tope la Urambo likikauka hapo stendi inaonekana imepanda lakini swichi bado inadai iko chini. Dalili yake ni kwamba ikiwa kwenye giya stata inanyamaza, lakini inawaka ikiwa frii, ukiingiza giya moja inazima. Mimina maji, piga stendi juu na chini mara kumi, kisha itie oili kidogo.

Fundi, mimi nachukua mawese hapa Kigoma napeleka Tabora, na kurudi nabeba asali. Safari ya kwenda pikipiki imetulia. Ya kurudi, nikifika 80 usukani unatikisika kama una homa. Dumu ni lilelile la lita 20, kamba zilezile, nyuma kwenye keria. Mke wangu nyuma yangu safari zote mbili. Tairi ni mpya. — Msomaji, Mwanga

Ndugu yangu wa Mwanga, barua yako nimeisoma mara tatu, nikamsomea na kijana wangu wa karakana. Dumu ni lilelile, mzigo si uleule. Lita 20 za mawese ni kama kilo 18. Lita 20 za asali ni kama kilo 28. Umeongeza kilo 10, na umeziongeza mahali pabaya kuliko pote.

Keria iko nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Fikiria mtaimbo: ekseli ndiyo jiwe, keria ndiyo mkono unaobonyezwa, na kinachoinuka upande wa pili ni gurudumu lako la mbele. Likishakuwa jepesi halishiki barabara sawasawa, ndiyo maana usukani unatikisika. Keria nyingi za sanduku la nyuma zimeandikwa kilo 10 tu. Pangusa vumbi, utaona kibandiko au maandishi yaliyochongwa.

Asali igawe kwenye madumu mawili ya lita 10, kilo 14 kila upande, kwenye masanduku ya pembeni, na chini kadiri inavyowezekana. Yajaze mpaka shingoni, maana dumu lenye nafasi linacheza ndani hasa mchana mafuta au asali ikishapata joto. Juu kwenye keria weka nguo na makoti ya mvua.

Halafu kuna kitu ambacho nina hakika hujakigusa. Piga magoti ubavuni mwa pikipiki, chini ya siti. Utaona kitasa cheusi cha duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji ya lita sita. Wengi wanadhani ni mfuniko wa kitu fulani, hawaugusi. Hicho ndicho kinachokaza springi ya shokapu ya nyuma. Ukikizungusha kuelekea kulia pikipiki inapanda nyuma, kushoto inalainika. Hakihitaji spana. Mke akipanda na mzigo ukiwepo, kikaze. Ukibaki peke yako, kilegeze, la sivyo itakurusha kwenye kila tuta. Pikipiki ambazo hazina kitasa hicho zina pete yenye meno kwenye shokapu yenyewe, na spana yake iliyopinda kama mundu iko kwenye mfuko wa vifaa chini ya siti, kama aliyekuuzia hakuutoa.

Upepo nao. Kwenye V-Strom yangu tairi la mbele ni PSI 33 siku zote, la nyuma ni 36 nikiwa peke yangu na 41 nikiwa na mtu. Yako soma kibandiko chake, kiko kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma au kwenye kava la cheni. Upime asubuhi tairi likiwa baridi, na kwa geji yako mwenyewe. Na hilo tairi "jipya", tafuta ubavuni tarakimu nne ndani ya kiduara. Ikiwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jipya dukani linaweza kuwa limezeeka kwenye rafu.

La mwisho kwako, maana unasafiri na mke na huenda giza likawakuta. Nyuma ikilemewa, taa ya mbele inatazama juu na wenye malori wanakuchukia. Jioni kabla ya kufunga mzigo, simamisha pikipiki mbele ya ukuta na uweke alama ya chaki mwanga unapoishia. Funga mzigo, mama apande, wewe upande. Mwanga utakuwa umepanda. Nyuma ya taa, ndani ya kava la mbele, kuna skrubu za kuushusha. Ushushe mpaka kwenye chaki. Kijana mmoja akushikie bisibisi, ni kazi ya dakika tano.

Niandikie ukirudi na asali nyingine. Nataka kujua usukani umesemaje.

Barua tatu zinauliza jinsi ya kusafisha cheni na kuitia oili, nazijibu pamoja. Cheni ya pikipiki kubwa ina vipete vya raba katikati ya viungo, na ndani yake kuna grisi iliyofungiwa kiwandani. Petroli na brashi ya chuma vinaua hivyo vipete. Tumia mafuta ya taa na kitambaa, kausha, kisha oili ya giya namba 90, upande wa ndani wa cheni, ikiwa bado ina joto la safari. Oili chafu ya injini iacheni, ina unga wa chuma. Na tafadhali zungusheni gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Nimeshaona kidole kilichoingia kwenye sproketi, na sitaki kuona kingine.

Nina Honda XL 125 ya zamani. Mafuta yaliniishia ghafla katikati ya pori, na rizevu nayo haikuwa na kitu. — Msomaji, Kibondo

Ulijaza tanki safari iliyopita ukasahau kurudisha koki, ile swichi ya petroli chini ya tanki, kwenye ON. Ukiendesha ikiwa RES muda wote, rizevu inaliwa pamoja na mengine bila kukuarifu. Kila ukilipa sheli, mkono kwenye koki kabla ya kuwasha.

Fundi, mimi ni muuguzi, nazunguka vijijini kwa pikipiki kubwa ya kazini. Mikono yangu ni midogo, breki naifikia kwa ncha za vidole, na jioni viganja vinauma. Wenzangu wa kiume wanasema nitazoea. — Dada, Kaliua

Dada yangu, usizoee. Pikipiki ndiyo ikufuate wewe.

Tazama pale mkono wa breki unaposhikwa na boliti. Pikipiki nyingi kubwa zina kigurudumu kidogo chenye namba. Ukikizungusha hivihivi kinakataa, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Sukuma kwanza mkono wa breki mbele, mbali na usukani, kwa vidole vya kushoto, kisha uzungushe kigurudumu kwa mkono wa kulia. Hakikisha namba imesimama sawasawa na alama, isibaki katikati. Klachi mara nyingi haina kigurudumu, lakini unaweza kulegeza boliti zinazoishika kwenye usukani na kuizungusha kidogo kushuka, mpaka ukikaa kwenye siti kifundo cha mkono kinyooke na mkono wote uwe mstari mmoja kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kisha kaza tena, na uifanye na breki hivyohivyo.

Pima ukiwa umevaa glavu zako za safari, na umekaa kama unavyokaa saa ya tatu ya njia.