Kujifunza funguzi za chesi kwa video: ushauri kwa anayeanza

Anayeanza kujifunza funguzi za chesi, yaani hatua za mwanzo za mchezo, kwa video hukutana mapema na tatizo moja. Akitazama somo la dakika 20 kuhusu Ufunguzi wa Kiitalia huona kila kitu kiko wazi, lakini akiketi kucheza hukwama kwenye hatua ya nne au ya tano, kwa kuwa mpinzani amesogeza kete ambayo mwalimu hakuitaja, au aliitaja kwa sekunde chache akapita. Kumwelewa mwalimu anapoeleza ni rahisi. Kuipata hatua ile ile wewe mwenyewe, huku saa ikikimbia, ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo haifanyiki kwa kutazama tu.

Kwa hiyo weka ubao mbele yako kabla ya kuanza somo, na kila mwalimu anapokaribia kusogeza kete, simamisha video, uamue wewe ungesogeza nini na kwa sababu gani, ndipo uendelee. Ikiwa hatua yako imetofautiana na yake, usiifute haraka. Jiulize kwanza mpinzani angeiadhibu vipi. Pengine utagundua kwamba haikuwa na ubaya wowote. Somo la dakika 20 litakuchukua saa nzima kwa mtindo huu, na sioni njia ya mkato. Wapo wanaopunguza kasi ya video wakidhani ni sawa na kuisimamisha, lakini kasi ndogo haikulazimishi kufikiri.

Jihadhari zaidi na video za mitego, ambazo ndizo humvutia mgeni kuliko zote. Chukua mfano huu unaofundishwa mno (kila mraba huitwa kwa herufi ya safu yake na namba ya mstari wake, na jina la mraba peke yake, kama e4, ni askari anayesogea huko). Nyeupe anaanza kwa askari e4, Nyeusi anajibu e5; farasi wa Nyeupe anakwenda f3, wa Nyeusi c6; askofu wa Nyeupe anatoka hadi c4, na Nyeusi anamtoa farasi wa pili f6. Sasa Nyeupe anamrusha farasi wake g5, akishirikiana na askofu kuulenga mraba wa f7, ambao unalindwa na mfalme peke yake. Nyeusi anasukuma askari d5, Nyeupe anamla, na katika video Nyeusi naye anakula kwa farasi wa f6. Hapo Nyeupe anamtoa mhanga farasi wake f7, mfalme anamla, malkia anatokea f3 akimtishia mfalme na farasi wa d5 kwa mpigo mmoja, na mfalme analazimika kutembea hadi e6, katikati ya ubao, ikiwa anataka kumlinda farasi huyo. Inapendeza kutazama.

Mchezaji anayeijua njia hii, hata hivyo, hamli askari wa d5 kwa farasi. Humpeleka farasi wake wa c6 hadi a5 ili amfukuze askofu. Kwa kawaida Nyeupe humtishia mfalme kutoka b5, Nyeusi huziba kwa askari c6, maaskari wanalana hapo, na askofu analazimika kuondoka tena. Nyeupe amebaki na askari mmoja wa ziada, ila kete za Nyeusi zinatoka kwa kasi zaidi, na farasi wa g5 naye anasubiri kufukuzwa na askari wa h6. Yule aliyejifunza mtego tu sasa hana la kufanya, maana somo lake liliishia palipokuwa patamu. Video isiyoonyesha jibu bora la mpinzani itazame kama burudani, lakini usiijengee ufunguzi wako.

Suala la kuchagua ufunguzi lisikusumbue sana: mmoja unapocheza Nyeupe, mmoja wa kujibu e4 na mmoja wa kujibu d4 vinatosha kwa muda mrefu. Kila upande una hatua 20 za kuanzia, hivyo baada ya hatua moja moja tu kuna mipangilio 400 inayowezekana, na hakuna anayeweza kukariri kila tawi linalofuata. Tafuta mwalimu anayeeleza wazo. Katika Ulinzi wa Kifaransa, ambapo Nyeusi hujibu e4 kwa e6, kwa mfano, Nyeupe anapomsukuma askari wake hadi e5, mwalimu mzuri atakuonyesha kwamba askari huyo anategemea mwenzake wa d4, ndiyo maana Nyeusi hucheza c5, farasi c6 na malkia b6, zote zikiukodolea macho mraba huo mmoja. Atakwambia pia gharama yake, yaani askofu wa c8 aliyefungiwa nyuma ya askari wa e6. Ukilishika wazo hilo, hata Nyeupe akicheza hatua ya ajabu utajua pa kutazama. Mfumo wa London, ufunguzi wa Nyeupe unaopendwa sana kwenye video kwa sababu kete hupangwa karibu vile vile dhidi ya kila mpinzani, una hatari ya kinyume: mgeni hupanga kete zake bila kumtazama mwenzake, kisha malkia wa Nyeusi anaibuka b6 na kumkuta askari wa b2 hana mlinzi, kwa kuwa askofu aliyekuwa c1 ameshahamia f4.

Baada ya somo, ihakiki njia uliyofundishwa kwenye tovuti ya chesi ya Lichess, ambako bila malipo utaona ni hatua zipi huchezwa mara nyingi na mabingwa, na zipi na wachezaji wa kiwango chako. Mara nyingi orodha hizo mbili hazifanani, na wewe unahitaji zaidi ile ya pili. Injini ya Stockfish, programu ya kompyuta inayopima nani anaongoza, nayo ipo, ila hutoa tarakimu bila sababu; iite ukishaandika sababu yako mwenyewe.

Kisha cheza, na kila mchezo ukiisha tafuta hatua ya kwanza ambayo hukuijua, urudi kwenye dakika ile tu ya video inayoihusu. Ikiwa ulipoteza kwa sababu uliacha farasi bila ulinzi kwenye hatua ya 18, ufunguzi wako haukuwa na hatia, na saa uliyotaka kuitumia kwa video nyingine itumie kutatua mafumbo ya mbinu.